Maji Niliyoyaandika

Sikuzaliwa na subira, na sioni haya kulisema. Mamangu husimulia kwamba nilitoka tumboni nikigombana na mkunga. Basi mtu wa namna hiyo usimwambie kwamba paipu ikishaunganishwa, maji yamefika. Hasa ikiwa mtu huyo ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, ambako kila nyumba imeunganishwa tangu enzi za babu zetu, na maji ni habari nyingine kabisa.

Mwaka wa tisini na tano nilikuwa nafundisha kupiga chapa kwa kompyuta katika chuo cha mjomba wangu, Jaffar. Neno chuo alilitia yeye. Sisi tuliokuwa humo kila siku tuliona chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitambaa, kompyuta chache za kioo cha kijivu na moja ya rangi. Mwalimu mwenzangu alikuwa Thoya, kijana wa Rabai, mpole, mwepesi wa kucheka. Wanafunzi wakishatawanyika mchana, mimi na yeye tulihamia kwenye ile ya rangi, tukawa tunatengeneza mchezo wetu.

Mchezo wenyewe haukuwa na adui, wala bunduki, wala mshindi. Unapewa ardhi tupu, unajenga. Weka nyumba hapa, kichochoro pale, msikiti, kisima, duka la kahawa. Ukichoka unabomoa, unaanza upya. Thoya alichora majumba ya mawe na milango ya nakshi kwa vidoti vidogo vidogo, na mimi niliandika yale yasiyoonekana, yaani namna mji unavyokwenda. Wanafunzi waliupenda kiasi cha kusahau chai yao.

Hapo mwanzo paipu ilikuwa mstari tu. Ukiunganisha kisima na nyumba, nyumba inageuka buluu, basi. Siku moja nikamtazama mwanafunzi wetu Caroline akivuta paipu moja kutoka kisimani, akaipitisha mtaa mzima, na nyumba zote zikageuka buluu kwa mpigo mmoja. Akapiga makofi. Mimi nikahisi nimetukanwa.

"Huu ni uongo," nikamwambia Thoya.

"Ni mchezo, Lamis."

"Ni mchezo wa uongo. Nyumbani kwetu paipu ipo, na mamangu bado anangojea mkokoteni wa maji kila siku."

Nikaanza kuyaandika maji upya. Kila kipande cha paipu nikakipa kiasi chake cha maji, kimo chake kutoka usawa wa bahari, na upana wake. Kisha nikakifundisha kumwuliza jirani yake swali moja, tena na tena bila kuchoka: je, msukumo wako ni mdogo kuliko wangu? Kama ni mdogo, kinamsukumia maji. Paipu nyembamba inapunguza mwendo, paipu ndefu inakula msukumo, na maji hayapandi juu kuliko tangi yalikotoka.

Kulisema ni rahisi. Wiki za kwanza maji yalikuwa yanazaana yenyewe. Tunatia ndoo moja tangini, baada ya muda mji wote umegharikishwa hadi madirishani, na Thoya amejishika mbavu kwa kucheka. "Hii tusiirekebishe," alisema, "hii tuiuze." Mara nyingine yalikwama katikati ya paipu yakitetemeka, hayaendi mbele wala nyuma. Nilikuwa nakwenda nyumbani nayo kichwani, nakula nayo, naosha vyombo nayo, na nilikuwa na furaha tele.

Hatimaye yakatulia. Yakashuka, yakapanda, yakagawanyika penye njia panda, mengi huku na machache kule. Thoya alikaa akiyatazama, kisha akasema, "Yanakwenda kama maji." Sikutaka sifa nyingine.

Mjomba Jaffar ndiye aliyeutoa mchezo chumbani kuupeleka mtaani. Lazima nimtendee haki: mjomba ni mtu wa kazi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kichochoro chetu, na kwa juhudi zake kisima cha zamani kilichokuwa pembeni ya nyumba yake kilichimbuliwa, kikasafishwa, kikatiwa mashine ya kuvuta maji, na tangi likapandishwa juu ya nguzo ndefu. Ilibaki paipu tu, itoke kwenye tangi lile, ipande na kichochoro, ikigawa nyumba baada ya nyumba hadi ya mwisho kule juu, kwa Bi Mwanatumu. Bi Mwanatumu ni mjane, ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Hakuna nyumba ambayo hajaingia siku ya msiba. Magoti yake yamekwisha kwa kupandisha mitungi ya maji.

"Mwanangu," mjomba akaniambia, "nisikilize. Watu wachoka na maneno ya kamati. Nataka waone. Kijenge kichochoro chetu humo ndani, uweke tangi, uweke paipu, waone maji yakiwajia mpaka milangoni. Wataka kuona kwa mato yao."

Nikakijenga. Kila nyumba na kimo chake, kila kona. Thoya alikwenda kukipima kichochoro kwa kamba huku watu wakimuuliza kama anapima kaburi. Tukaifungulia mashine, tukakaa. Maji yakapanda kichochoro taratibu, nyumba moja ikajaa, ya pili ikajaa, ya tatu, na mwisho kabisa nyumba ndogo ya Bi Mwanatumu ikageuka buluu. Mjomba alinibusu kichwani. Akatangaza mkutano ufanyike chuoni siku ya Jumapili baada ya alasiri, na kazi ya kuchimba ianze siku ya pili yake.

Jioni ile nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikapita uani. Mfereji wetu, yaani bomba la pale ukutani, ulikuwa umeachwa wazi, mkavu, na ndoo imewekwa chini yake kama siku zote. Nimekua nikiuona hivyo. Siku ile ndipo nilipoutazama.

"Mama, mfereji mbona hukuufunga?"

Mamangu alinitazama kana kwamba nimepata homa. "Nikiufunga n'tajuaje maji yamekuja?"

Nikasimama pale uani. Nyumba zangu za kwenye mchezo zilikuwa zinafunga mifereji yake zikishajaa. Niliziandika hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndivyo ilivyo katika vitabu. Maji niliyaandika kwa haki, watu nikawaandika kwa uongo. Kwetu mfereji haufungwi. Unawekewa ndoo, mtu anakaa sikio wazi akingojea mlio, na mlio ukija hujaza ndoo, hujaza birika, hujaza masufuria, huoga, hufua, humwagilia mrihani, kwa kuwa hajui yatarudi lini. Na mashine ya mjomba ingepigwa saa chache tu kwa siku. Kila mfereji ungekuwa wazi ukiyangojea.

Asubuhi nikabadilisha mstari mmoja tu wa programu. Nyumba hazifungi tena. Tukaifungulia mashine. Kwa mjomba yakamiminika, kwa jirani yake yakamiminika, wa tatu na wa nne wakapata. Kisha msukumo ukafa katikati ya kichochoro. Kwa Maalim Ishaq, mwalimu wa madrasa, yalifika matone. Kwa Bi Mwanatumu hakikufika kitu. Tuliacha maji yaende siku nzima ya kwenye mchezo, na nyumba yake ikabaki rangi ya mchanga.

Tukajaribu kila kitu. Paipu pana, ikasaidia nyumba mbili zaidi. Tangi refu zaidi, wale wa chini wakamwaga zaidi. Ijumaa nilikuwa nimeshakata tamaa, nimeegemeza kichwa kwenye kibodi, na Thoya alikuwa anacheza tu. Hakika alikuwa anacheza, anabomoa na kujenga huku akiimba puani. Alivuta paipu moja kutoka kwenye tangi la mjomba, akaipandisha kichochoro chote bila kumgawia mtu yeyote, akaifikisha kwa Bi Mwanatumu na kumwekea tangi dogo juu ya dari. Kisha kutoka kwenye tangi lile akateremsha paipu ya kugawa, kurudi chini.

"Unafanya nini?"

"Naanzia mkiani. Nataka tu nione."

Tukaona. Maji yakapanda moja kwa moja kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyakamata njiani. Tangi la darini likajaa. Bi Mwanatumu akapata, jirani yake akapata, na yakateremka hivyo hivyo na mteremko, mifereji yote ikiwa wazi, kila mtu na fungu lake. Mjomba alipata pia, na si haba. Ila alipata mwisho.

Nikamwita aje aone. Alisimama nyuma ya kiti changu akatazama mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti.

"Lamis. Kisima kiko ukutani mwangu. Nguzo imesimama kwenye ardhi yangu. Maji yatoke kwangu, yapite mlangoni kwangu, yende kwa Mwanatumu, ndipo yanirudie?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nitakuwa kichekesho."

"Utakuwa na maji. Na wao pia watakuwa na maji."

Akaanza kunibembeleza. Alisema mfereji ni mazoea tu, na mazoea hubadilika. Maji yakiwa ya uhakika watu watafunga. Mimi sina haki ya kuwaandika majirani zangu kama wezi. Na kwa kweli nilimsikiliza, kwa sababu maneno yale yalikuwa na maana. Kisha nikamuuliza, "Wako leo umeufunga?"

Akainuka kitini. Akasema, "Jumapili utaonyesha ile ya kwanza. Ile ya mifereji iliyofungwa. Watu wakubali, kazi ianze, haya mengine tutayatengeneza baadaye."

Baadaye. Naijua baadaye ya kamati. Paipu ikishafukiwa na sakafu ikishatiwa saruji, nani atafukua kwa ajili ya mjane mmoja kule juu? Nilijiona nimekaa mbele ya kioo nikimwonyesha Bi Mwanatumu nyumba yake ikigeuka buluu, na yeye akiniombea dua. Damu ikanipanda.

"Sitaonyesha," nikasema.

"Kompyuta ni yangu."

"Kompyuta ni yako, mjomba. Maji nimeyaandika mimi."

Akaniambia kwamba kama ni hivyo, Jumatatu nisije chuoni. Alilisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo liliponichoma. Mamangu ni dadake. Alinifundisha yeye kushika kalamu. Nilirudi nyumbani nimepiga moyo konde, lakini njia nzima nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

Thoya alinishauri nisiende mkutanoni, nimwachie yeye. "Mimi mtu wa kuja, wakinifukuza narudi Rabai," alisema. Nikamwambia anyamaze.

Jumapili chumba kilijaa hadi ngazini. Wanaume mbele, wanawake upande wa madirisha, Bi Mwanatumu kwenye kiti alichopewa kwa ajili ya magoti yake. Kioo kilikuwa kidogo, watu wakasongana kukitazama. Mjomba akafungua kwa salamu na dua, akaeleza kisima kilivyofufuliwa, akawashukuru wazee. Kisha akanitazama mimi, kwa muda, akasema, "Sasa mwanangu Lamis atawaonyesha." Alikuwa ameniachia nafasi ya mwisho. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua.

Nikaweka paipu ya kamati kama ilivyopangwa. Nikafungua mashine, mifereji yote wazi.

Watu walifurahi kuona nyumba zao kwanza. "Ule mlango wangu," mmoja akasema, "hata ufa ameutia." Maji yakaanza kupanda. Wa chini wakacheka wakipongezana. Kisha kicheko kikapungua kadiri maji yalivyopungua, na yalipokwama kwa Maalim Ishaq watu wakageuka kumtazama.

"Kuna kosa hapo," mjomba akasema, sauti yake tulivu kabisa. "Ameacha mifereji wazi. Ifunge, Lamis, watu waone."

"Siifungi."

"Lamis."

Nikageuka na kiti, nikawatazama majirani zangu. "Nawauliza nyote, kwa heshima zenu. Nani alipotoka nyumbani leo kuja hapa aliufunga mfereji wake?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeinua mkono. Mwanamke mmoja kwenye madirisha akajifunika mtandio akicheka. Maalim Ishaq akajikuna ndevu. "Wangu u wazi tangu juzi," akasema. "Nimeuwekea beseni, hata sauti ya matone niisikie."

"Basi na humu ni wazi," nikasema. "Nyumba zilizomo humu ni zetu sisi. Sikuandika watu wengine."

Mjomba akasema mkutano haukuitishwa kwa ajili ya utoto. Niliifuta paipu ya kamati mbele yao wote, mkono mzito, na nikaanza kuvuta ile ya Thoya. Kutoka kwenye tangi, kupita mlango wa mjomba bila kugusa, kupita kwa jirani yake, kupita kwa Maalim. "Inakwenda wapi hiyo?" mtu akauliza. "Inakwenda juu kwanza," Thoya akamjibu kutoka nyuma. Nikaifikisha, nikaweka tangi la darini, nikateremsha paipu ya kugawa. Nikafungua mashine.

Maji yakapanda. Chumba kizima kilikuwa kimeshika pumzi, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, wanatazama mstari wa buluu ukipanda kichochoro. Ukafika juu. Tangi likaanza kujaa. Nyumba ndogo ya mwisho ikageuka buluu kabla ya nyumba nyingine yoyote.

Hapo mjomba akainama, akang'oa plagi ukutani.

Kioo kikajikunja kuwa doti moja jeupe, kikazima. "Mkutano umekwisha," akasema, na waya uko mkononi mwake. "Kazi itaanza kesho, kama ilivyopangwa. Ahsanteni kwa kuja."

Watu hawakujua waelekee wapi. Waliokuwa ngazini wakaanza kuteremka. Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimeshapoteza kazi, sikuona sababu ya kupoteza na kiti.

"Rejesha, Jaffar," akasema mtu.

Alikuwa Bi Mwanatumu. Sijapata kumsikia akisema kitu kwenye mkutano, wala sidhani yupo aliyepata. Waliokuwa ngazini wakasimama.

"Bi Mwanatumu, ule ni mchezo tu," mjomba akasema. "Picha. Si maji."

"Najua ni mchezo, mwanangu. Lakini yalikuwa yashafika kwangu." Alisema bila kupandisha sauti, akimtazama yeye peke yake. "Miaka yote naishi kule juu, sijayaona yakinijia mimi kwanza. Hata katika mchezo sijayaona. Nawe wanizimia?"

Mjomba akautazama ule waya mkononi mwake.

Bi Mwanatumu akashika ukuta, akainuka, goti moja kisha la pili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akatembea hadi kwa mjomba, akanyoosha mkono.

"Nipa huo waya."

Akampa.